Somo kwa Makatibu na Wanachama: Tuzisomeje Takwimu za Serikali?



Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katibu wa chama cha msingi hahitaji kufafanuliwa methali hii, kwa kuwa kazi yake ya kila siku ni kupima, kuandika na kujumlisha. Taifa nalo lina daftari lake. Hapa kwetu Tanzania daftari hilo hutunzwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na kwa upande wa Zanzibar Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali. Kila mwezi hutangazwa mfumuko wa bei. Kila robo mwaka hutolewa takwimu za Pato la Taifa. Kila mwezi wa Juni, wakati wa bajeti, Bunge husomewa taarifa ya hali ya uchumi ya mwaka uliopita. Sensa ya watu, ambayo tangu mwaka 2002 imefanywa kila baada ya miaka kumi, yatarajiwa tena mwaka 2032.

Takwimu hizi zinapotolewa, aghalabu hutufikia vyamani zikiwa tarakimu moja tu, iliyochomolewa katika taarifa ndefu. Mwanachama husikia kwamba uchumi umekua, akautazama mfuko wake, akaona haukukua. Hapo huamua moja kati ya mawili: ama Serikali imesema uongo, ama yeye mwenyewe ni mzembe. Somo hili lakusudia kuonyesha kwamba tarakimu yaweza kuwa sahihi, na malalamiko ya mwanachama pia yakawa sahihi. Kilichokosekana ni maswali manne ambayo kila katibu apaswa kuyauliza kabla ya kusimama mkutanoni na kutangaza takwimu yoyote, iwe ya Taifa au ya chama chake.

SWALI LA KWANZA: IMEGAWANYWA KWA WATU WANGAPI?

Tuchukue mfano wa chama cha kubuni. Mwaka wa kwanza chama kilikuwa na wanachama 400, nao walileta ghalani tani 200 za mazao. Mwaka wa pili zililetwa tani 210. Katibu ataandika kwa furaha kwamba makusanyo yamepanda kwa asilimia 5, na hesabu yake haina kosa. Lakini mwaka huo wa pili wanachama walikuwa 440. Tukigawanya, mwaka wa kwanza kila mwanachama alileta wastani wa kilo 500, na mwaka wa pili kilo 477. Ghala limejaa zaidi, ilhali fungu la kila mtu limepungua.

Ndivyo ilivyo kwa Taifa. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu milioni 12.3. Ile ya mwaka 2022, iliyofanywa kwa kuhesabu waliolala katika kila kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ilipata watu 61,741,120. Yaani katika miaka 55 tumekuwa mara tano ya tulivyokuwa. Kati ya sensa ya mwaka 2012 na ya 2022, idadi iliongezeka kwa wastani wa asilimia 3.2 kwa mwaka. Ipo kanuni nyepesi ya kukumbuka: gawanya 70 kwa asilimia ya ongezeko la mwaka, utapata takriban miaka ambayo kitu huchukua kuongezeka maradufu. Kwa asilimia 3.2, jibu ni miaka 22. Mtoto aliyezaliwa mwaka wa sensa atakapotimiza miaka 22, kasi hiyo ikiendelea, patahitajika maradufu ya madarasa, ya visima na ya chakula.

Kwa sababu hiyo, mtu akisikia kwamba Pato la Taifa lilikua kwa asilimia 5.1 mwaka 2023, kama ilivyotangazwa mwaka 2024, na aondoe kwanza ongezeko la watu. Kinachobaki kwa kila mtu ni chini kidogo ya asilimia 2. Hiyo bado ni hatua mbele, ila ni fupi kuliko ile iliyosikika redioni.

SWALI LA PILI: NI KWA BEI ZA LINI?

Turudi kwenye chama chetu. Mwaka wa kwanza kilo moja ililipwa shilingi 1,000, na mwaka wa pili shilingi 1,100. Malipo yote kwa wakulima yalikuwa shilingi milioni 200, kisha yakawa shilingi milioni 231. Ongezeko ni asilimia 15 na nusu. Lakini kwa kila mwanachama, malipo yalitoka shilingi 500,000 yakafika 525,000, sawa na asilimia 5. Sasa tuseme bei za bidhaa dukani nazo zilipanda kwa asilimia 4 katika muda huo. Shilingi 525,000 za mwaka wa pili zitanunua vitu ambavyo mwaka wa kwanza vilinunuliwa kwa shilingi 505,000 hivi. Katika asilimia 15 na nusu iliyopigiwa makofi mkutanoni, mwanachama amebakiwa na asilimia 1 tu.

Ofisi ya Takwimu hukwepa mtego huu kwa kulihesabu Pato la Taifa mara mbili: kwa bei za mwaka husika, na kwa bei za mwaka mmoja uliochaguliwa, uitwao mwaka wa kizio. Ukuaji unaotangazwa hutokana na hesabu hii ya pili. Mwaka wa kizio nao hubadilishwa kila baada ya muda, ili shughuli mpya zipate kuingizwa katika hesabu. Mwaka 2014 ulihamishwa kutoka 2001 kwenda 2007, na mwaka 2019 kutoka 2007 kwenda 2015. Katika badiliko lile la mwaka 2014, pato la mwaka 2007 lilionekana kubwa zaidi kwa kiasi kinachozidi robo, bila hata gunia moja kuongezeka shambani. Kwa hiyo ni kosa kulinganisha tarakimu ya kizio kimoja na ya kizio kingine, kama ilivyo kosa kulinganisha debe na kilo.

Mfumuko wa bei nao hueleweka vibaya mara nyingi. Mwaka 2023 ulikuwa wastani wa asilimia 3.8, na mwaka 2024 asilimia 3.1. Wengi husikia kwamba umeshuka wakadhani bei zimeshuka. Sivyo. Kilichopungua ni mwendo wa kupanda. Kitu kilichouzwa shilingi 10,000, kikifuata mwendo huo, huuzwa shilingi 10,380, kisha shilingi 10,700. Kupanda kumepungua kasi, lakini hakuna kilichorudi chini.

SWALI LA TATU: NI WASTANI WA NANI?

Katika chama chetu chenye wanachama 440, tuseme 40 wana mashamba makubwa nao walileta nusu ya tani zote 210. Kila mmoja wa hao alileta kilo 2,625. Wale 400 waliobaki waligawana nusu ya pili: kilo 262 na nusu kwa kila mtu, yaani shilingi 288,750. Wastani wa shilingi 525,000 tuliouandika katika taarifa haukuwafikia hata kidogo watu 400 kati ya 440. Wastani ni kipimo chema cha chama, lakini haumjui mwanachama.

Kwa Taifa jambo hili latugusa sisi wakulima moja kwa moja. Kilimo, pamoja na mifugo, misitu na uvuvi, huchangia zaidi kidogo ya robo ya Pato la Taifa, ilhali zaidi ya nusu ya Watanzania wafanyao kazi wako humo. Robo ya pato ikigawanywa kwa zaidi ya nusu ya wafanyakazi, fungu la kila mmoja ni dogo. Migodi na ujenzi vyaweza kuinua wastani wa Taifa katika mwaka ambao mvua zimekosekana Mtwara au Shinyanga. Kadhalika, katika kapu la bidhaa linalopimia mfumuko wa bei, chakula na vinywaji visivyo vileo huchukua takriban asilimia 28. Kaya ambayo hutumia nusu ya fedha zake kununua chakula itaumizwa na bei ya unga kuliko tarakimu ya Taifa inavyoonyesha.

SWALI LA NNE: NI YA AWALI AU YA MWISHO?

Takwimu za pato hutolewa kwanza kama makadirio, kisha husahihishwa taarifa kamili zinapopatikana. Kusahihishwa huko si dalili ya hila. Hata katibu huandika makisio ya mavuno kabla ya msimu, akayarekebisha mizani inapofungwa. Jambo la lazima ni kutaja tarakimu pamoja na tarehe yake, ili msomaji ajue ni ipi aliyopewa.

TAKWIMU HUANZIA KWETU

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba takwimu hutujia kutoka juu. Lakini huanzia chini: kwenye mizani, katika daftari la wanachama, katika majibu ambayo kaya humpa karani. Wako wanaopunguza idadi ya mifugo au ekari kwa kuogopa kodi, ingawa Sheria ya Takwimu hukataza kutoa nje taarifa za mtu mmoja mmoja. Wako pia makatibu wanaoongeza wanachama hewa ili chama kionekane kikubwa. Wote wawili hujinyima. Mwaka 2022 Serikali ilipoanzisha ruzuku ya mbolea, mkulima alitakiwa kwanza aandikishwe. Aliyekuwa nje ya daftari aliinunua mbolea kwa bei kamili, au akalima bila mbolea.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, safari ijayo takwimu zitakapotangazwa, usizikatae wala usizishangilie kabla ya kuzipitisha katika maswali haya manne. Halafu yapitishe humo humo mahesabu ya chama chako kabla ya mkutano mkuu. Mwanachama anayeonyeshwa fungu lake halisi, hata likiwa dogo, atajua pa kuanzia. Anayeonyeshwa jumla tupu atapiga makofi leo, na mwakani hatakuja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA CHAMA

1. Katika taarifa ya mwaka uliopita, makusanyo ya chama chetu yaliongezeka au yalipungua? Na je, kwa kila mwanachama?

2. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha wastani wa watu 4.3 katika kila kaya. Ikiwa kila mwanachama atoka katika kaya yake, watu wangapi hutegemea chama chetu?

3. Panga wanachama kwa uzito wa mazao waliyoleta. Yule wa katikati kabisa alipata kiasi gani? Linganisha na wastani.

4. Je, daftari letu la wanachama lina majina ya waliofariki au waliohama? Nani atalisahihisha, na kufikia lini?