Uchovu Usioisha: Omba Kipimo cha Tezi ya Shingo

Huenda nyumbani kwenu yumo mama anayejifunika kitenge cha pili wakati wenzake shambani wanatoka jasho. Anachoka mapema, choo kigumu, ngozi kavu, nywele zinakatika, hedhi nyingi kuliko zamani, mwili unaongezeka ingawa hali sana. Ameshapewa dawa za malaria na za UTI. Mwishowe akaambiwa, "Mama, una mawazo tu, kapumzike." Msikubali kuishia hapo.

Mbele ya koo kuna tezi inayotengeneza homoni zinazoongoza kasi ya mwili mzima. Inahitaji madini joto. Yakipungua, tezi huvimba, na uvimbe huo ndio rovu, au goita. Mvua huosha madini hayo kwenye udongo wa milimani, na ndiyo maana rovu limekuwapo muda mrefu katika nyanda za juu za nchi yetu. Muhogo usiolowekwa na kukaushwa vizuri huongeza tatizo, kwa kuwa sumu yake huzuia tezi kuchukua madini joto. Nunueni chumvi yenye nembo ya madini joto, muihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua na unyevu.

Lakini tezi inaweza kudhoofika na kuleta dalili kama za mama huyo bila shingo kuvimba. Inaweza pia kuzidisha kazi: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, mtu anakonda huku anakula.

Kabla ya kurudi zahanati, chukueni daftari la shule mwandike kila dalili na mwezi ilipoanza. Kumbukumbu ya mdomo hukatizwa, maandishi husomwa. Kisha sema kwa heshima: "Daktari, pole na kazi. Naomba nipimwe homoni za tezi ya shingo, TSH na T4. Kama kipimo hapa hakipo, naomba barua ya rufaa. Kama hakihitajiki, naomba uniandikie sababu kwenye cheti changu." Ombi hilo la mwisho lina nguvu, maana kukataa kwa maandishi si kwepesi kama kukataa kwa mdomo. Ukikwama, muone mganga mfawidhi. Baba, fuatana na mkeo. Ushuhuda wako unasaidia.

Pimeni pia wingi wa damu, sukari na ujauzito, kwani dalili hufanana. Kabla ya kulipa nauli ya kwenda hospitali ya wilaya, hospitali ya Maweni mjini Kigoma au ya Bugando jijini Mwanza, pigeni simu kuuliza kama kipimo kinapatikana. Majibu yote yatunzwe nyumbani.

Uvimbe wa shingo unaokua haraka, sauti inayokauka bila kupona, au pumzi inayobana visisubiri: nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Tezi ikigundulika imedhoofika, dawa ni kidonge cha homoni, kila asubuhi kabla ya kula. Damu hupimwa tena baada ya wiki 6 hadi 8. Usiache kidonge kwa sababu umepata nafuu, na ukishika mimba wahi kliniki, kwani mara nyingi dozi huongezwa.