Mtoto wa nje ya ndoa: baba asiyeandikwa ana haki gani?



Nianze kwa kukiri kosa langu. Mwaka jana, baada ya swala ya Alasiri, kijana mmoja niliyemsomesha hapa Tanga alinifuata barazani. Ni dereva wa bodaboda. Aliniambia amezaa na binti wa Makorora, mtoto ana miaka mitano, na kwamba kila akipeleka pesa ya matumizi ndugu wa binti wanamfukuza. "Ustadhi, hatukufunga ndoa. Yule mtoto ni wangu au si wangu?" Nilikuwa na haraka ya kuwahi darasa. Nikamjibu kama nilivyosoma: mtoto wa zinaa hana nasaba kwa baba, ni wa mama yake. Akashukuru, akaondoka.

Miezi kadhaa baadaye akaja mwanamke mtu mzima, bibi wa yule mtoto. Hakukaa. Aliniuliza, "Mwalimu, wewe ndiye uliyemwambia asilete matumizi?" Kijana alikuwa ameitumia fatwa yangu kama stakabadhi ya kumalizia deni.

Nilimwita tena, na safari hii niliuliza niliyopaswa kuuliza mwanzo. Ikadhihirika kwamba baba mdogo wa binti, maana baba yake mzazi alikwishafariki, alimwozesha kwa akdi, nyumbani kwao wilayani Mkinga, mbele ya mashahidi wawili. Mahari ilitajwa, nusu ikalipwa. Hapakuwa na cheti, hapakuwa na sherehe, na waliachana kabla mtoto hajatimiza mwaka. Kwa kijana, "ndoa" ilikuwa ni ile karatasi. Kwa hiyo mimi, kwa sentensi moja, nilikuwa nimemfanya mtoto wa halali kuwa mtoto wa zinaa.

Ndiyo maana naandika. Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Pangani hadi Horohoro, wanaume wengi wanaoitwa "baba wasio na ndoa" hawako katika fungu moja. Wapo waliooa bila cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ndoa isajiliwe, lakini kutosajiliwa peke yake hakuibatilishi. Wapo waliofungiwa ndoa ya mkeka mimba ikiwa changa. Hao, kwa madhehebu yetu ya Shafii, mtoto akizaliwa miezi sita au zaidi baada ya akdi nasaba yake inakwenda kwa mume. (Kama ndoa ya mkeka ina ridhaa ya kweli ni mjadala mwingine, na mimi nina mashaka nayo.) Kisha wapo ambao kweli hapakuwa na akdi yoyote. Mwalimu asiyeuliza swali hilo kwanza atadhulumu, kama nilivyodhulumu mimi.

Sasa tuwatazame hawa wa mwisho, kwani ndipo penye ugumu. Jumhuri ya wanazuoni wamesema nasaba haithibiti kwa zinaa. Mtoto anarithiana na mama yake na jamaa za mama. Wapo waliotofautiana nao, akiwemo Hasan al-Basri na Is-haka bin Rahawaihi, na baadaye Ibn Taymiyya: ikiwa mama hakuwa mke wa mtu, na mwanamume akamdai mtoto, ataunganishwa naye. Mimi ni Shafii na siwaiti watu kuacha madhehebu yao. Lakini msomaji ajue kwamba kauli hiyo ipo, na si ya watu wa pembeni.

Hata ndani ya kauli ya jumhuri, tazama namna Mtume (SAW) alivyohukumu. Saad bin Abi Waqqas na Abd bin Zamaa waligombea mtoto. Saad alidai ni wa ndugu yake Utba, Abd akasema amezaliwa juu ya kitanda cha baba yake. Mtume akahukumu kwa kitanda, yaani kwa uhusiano uliotambulika, akampa Abd. Lakini alipoona mtoto anafanana mno na Utba, alimwamuru mkewe Bi Sauda binti Zamaa ajisitiri na kijana yule, ingawa kwa hukumu ni ndugu yake. Hukumu ilikwenda njia moja, na damu haikupuuzwa. Sisi tumeshika nusu ya kwanza tukaitupa ya pili.

Na mji wetu ni mdogo. Mtoto wa Makorora asiyejua baba yake anaweza kukua akachumbia Ngamiani, kumbe anamchumbia dada yake. Wanazuoni wengi wameharamisha mtu kumuoa binti aliyetokana na zinaa yake, na Imamu Shafii mwenyewe, pamoja na kutoithibitisha nasaba, aliichukia ndoa ya namna hiyo. Sasa utajilindaje na usiyemjua?

Upande wa serikali mambo yamebadilika na wengi hawana habari. Zamani kulikuwa na sheria ya mwaka 1949 ambayo ilimpa mama njia ya kumshitaki mwanamume, na kiwango cha juu cha matunzo kilikuwa shilingi 100 kwa mwezi! Ilimwona mwanamume kama mkimbizi tu, haikumfikiria anayekuja mwenyewe kusema "huyu ni wangu". Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ndiyo iliyoifuta. Sasa ombi la kutambuliwa uzazi linaweza kupelekwa mahakamani na mtoto, mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii. Baba naye ni mzazi, kwa hiyo mlango uko wazi kwake pia. Lipelekwe kabla mtoto hajatimiza miaka 18, au baadaye kwa ruhusa maalumu ya mahakama.

Ushahidi unaotazamwa ni jina katika daftari la vizazi, sherehe ya kimila aliyoifanya baba, kukiri kwake hadharani, na hata kukataa kwake kupimwa. Sidhani kama akika iliyochinjwa na baba mbele ya majirani itakosa kuhesabiwa. Vinasaba hupimwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa kupitia mahakama, wakili, ustawi wa jamii au mamlaka nyingine, siyo kwa mtu kujipeleka kama anayepima malaria. Uzazi ukishathibiti, baba anadaiwa matunzo, na naye anaweza kuomba kumtembelea mtoto au hata kumlea. Asitarajie kupewa kwa urahisi. Mahakama inatazama kwanza maslahi ya mtoto, na aliye chini ya miaka saba kwa kawaida huachwa kwa mama. Kama wazazi wanasikilizana hakuna haja ya kesi: kwa mtoto wa nje ya ndoa, jina la baba huandikwa wote wawili wanapoliomba pamoja kwa msajili.

Atauliza mtu: je, mahakama ikishatamka, mtoto atarithi? Hapa natofautiana na wanaotaka karatasi ya mahakama ibadilishe faraidhi. Tarehe 30 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la mirathi lililoanzia Mombasa, iliamua kwamba watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasinyimwe mirathi ya baba yao Mwislamu. Uamuzi huo ulizua mjadala mkubwa, na familia zetu zenye mashamba pande zote mbili za mpaka zinauzungumza hadi leo. Siukubali kifiqhi. Lakini hasira zetu zina unafiki ndani yake. Kwa kuwa mtoto huyo si mrithi, baba ana ruhusa ya kumuusia hadi theluthi ya mali yake, na akiwa hai na mzima anaweza kumpa zawadi ya nyumba au kiwanja. Ni wangapi kati yetu wameandika wasia huo? Tunawaacha watoto mikono mitupu, kisha tunalalamika hakimu akiwajazia.

Na matunzo? Wapo watakaoniambia kwamba kifiqhi nafaka ya mtoto wa zinaa iko kwa mama. Ndivyo vitabu vinavyosema. Hakuna kitabu nilichokiona kinachomkataza mwanamume kumlisha mtoto aliyemsababisha, na sheria ya nchi inamlazimisha. Dhambi ni ya waliozini, mtoto hana sehemu yake.

Turudi kwa kijana wangu. Ameanza tena kupeleka matumizi, na malimbikizo ya ile miezi tumeyapangia. Mama wa mtoto amekubali waende pamoja kwa msajili. Kurudiana ni shauri lao. Lililobaki ni mashahidi wa akdi, ambao nataka waandike na kutia saini mbele ya imamu, ili nasaba isije ikabishaniwa siku ya mirathi. Mmoja amefariki. Wa pili ni mvuvi, yuko Pangani. Jumamosi, inshaallah, mimi na kijana na baba mdogo wa binti tunakwenda kumtafuta.