Mwanafunzi Anapoandamwa Hosteli
Kijitabu kwa walezi wa hosteli, washauri wa wanafunzi na viongozi wa serikali za wanafunzi, Tabora

Kijana anayetoka Tura kuja kusoma Tabora mjini ameletwa na ukoo mzima. Ada yake imetoka kwenye tumbaku, asali au ng'ombe aliyeuzwa. Mlezi wa hosteli akimpigia baba mtu kumwambia "mwanao anasemekana ana tabia fulani", simu ya dakika mbili inaweza kumkatiza masomo, pengine hata kumfukuzisha nyumbani. Tunawaomba msome haya kabla ya kuipiga.

Wanafunzi wanaovutiwa na watu wa jinsia yao wapo vyuoni kwetu, na wapo pia wasiojiona katika jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Shirika la Afya Duniani liliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1990. Hayaambukizwi kwa kulala chumba kimoja.

Kinachowaumiza hakianzi na matusi. Kinaanza na mazoea ya kudhani kwamba kila mvulana anatafuta msichana na kila msichana anasubiri posa, na kwamba asiye hivyo ana kasoro. Mhadhiri anasema "mkioa mtanielewa". Wanaolala chumba kimoja wanamuuliza mwenzao kila wikiendi demu wake yuko wapi. Hawana nia mbaya, lakini aliye tofauti anajifunza mapema kudanganya: anabuni mchumba aliyeko Nzega, anaonyesha picha ya binamu yake. Akishaishi hivyo miezi kadhaa, siku akiandamwa hana wa kumkimbilia, maana hakuna anayemfahamu.

"Tulikuwa tunamtania tu"

Hiki ndicho kisingizio tunachokisikia zaidi, na hapa Unyamwezini hakifai kupita hivi hivi. Tura ilikuwa lango la Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani na kuvuka pori la Mgunda Mkali. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na kurudi walijenga utani na watu wa njiani, Wazaramo wakiwemo. Mtani anakusema nawe unamsema, hadharani, na hakuna anayenuna. Lakini ukifiwa, mtani huyo huyo yuko msibani kwako anafanya kazi. Utani una pande mbili na una wajibu. Vijana sita wanaomwigiza mwenzao anavyotembea, wakamrekodi na kutuma kwenye grupu la WhatsApp, naye hana ruhusa ya kujibu, hawamtanii. Wanamwonea. Kiongozi wa wanafunzi aliseme hilo papo hapo, mbele ya grupu lile lile, bila kumtaja aliyeonewa.

Sheria

Tuseme wazi, mtu asipotoshwe. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi maisha, na kisichopungua miaka 30, kwa kujamiiana "kinyume cha maumbile". Kinachoadhibiwa ni tendo, nalo huthibitishwa mahakamani. Mwendo wa mtu, sauti yake au anayempenda moyoni si kosa. Wala hakuna sheria inayomruhusu mwanafunzi kumpiga mwenzake au kumtoza fedha ili anyamaze. Katiba, ibara ya 12 na ya 16, inalinda utu na faragha ya kila mtu. Oktoba 2018 Paul Makonda, akiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alipowataka wananchi wataje majina ya wanaoshukiwa kuwa na mapenzi ya jinsia moja, Wizara ya Mambo ya Nje ilitamka siku chache baadaye kwamba ule ulikuwa msimamo wake binafsi, si wa Serikali. Orodha ya majina chuoni haina msingi wowote.

Kwingine Afrika sheria zinazofanana na kifungu cha 154 zimepimwa mahakamani. Kenya zilibakizwa Mei 2019. Botswana zilifutwa mwezi uliofuata, katika shauri lililofunguliwa na kijana aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Botswana, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2021.

Mwanafunzi akija kwako

Msikilize. Usimuulize anafanya nini na nani. Huhitaji kujua hilo ili umsaidie. Usimpeleke kuombewa bila yeye kutaka. Mwulize nani mwingine anajua, na kama ana hofu ya kulala chumbani kwake leo. Akihitaji kuhamishwa chumba, andika "sababu binafsi" na uishie hapo. Kama kuna anayemdai fedha kwa vitisho, atunze ujumbe wote na namba za miamala, asilipe tena, na apate ushauri wa mwanasheria kabla ya kwenda polisi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu hutoa msaada wa kisheria.

Akiumizwa, mpelekeni hospitali ya Kitete au zahanati ya chuo, atibiwe jeraha lake. Asikubali mtu yeyote kumpima sehemu ya haja kubwa ili "kuthibitisha" jambo. Kipimo hicho hakithibitishi chochote, na Chama cha Madaktari Duniani kiliwataka madaktari wasikifanye tangu 2017. Anayemsindikiza abaki mlangoni mpaka atoke.