Malipo Mia na Ishirini

Wenzangu wengi hudhani kwamba Mmarekani akisomea ualimu husomeshwa bure. Sivyo. Wengi hukopa fedha, nao hulipa kidogo kidogo kila mwezi kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya kuwapunguzia mzigo watumishi wa umma. Mwalimu wa shule ya Serikali, mwuguzi, mzima moto, hata mtumishi wa chama cha hisani, akifanya kazi saa 30 au zaidi kwa juma na kulipa mara 120, deni lililobaki hufutwa.

Mara 120 ni miaka kumi. Basi watu wa kwanza walitazamia msamaha mwaka 2017. Hapo ndipo kilio kilipoanza. Katika kila maombi 100 ya mwanzo, yapata 99 yalikataliwa. Wengine miezi yao haikutimia, hao si wa kulalamika. Lakini wengine walikuwa wamelipa miaka yote, ila mkopo wao ulitoka benki kwa dhamana ya Serikali, haukutoka Serikalini moja kwa moja. Au walifuata mpango wa malipo usiokubaliwa. Mtu amefundisha miaka kumi, kisha aambiwa hesabu yake ni sifuri! Mimi nataka kuwa mwalimu, na habari hii nililala nayo bwenini taa zilipozimwa.

Mwaka 2021 Serikali yao ililegeza masharti kwa muda, hata malipo ya mikopo ile ya benki yakaweza kuhesabiwa. Kufika Januari 2025, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamesamehewa. Siku hizi mtumishi hushauriwa kupeleka fomu iliyotiwa sahihi na mwajiri wake kila mwaka, asingoje ule wa kumi.