Tumbo la Kayaki na Tabia ya Mto: Uteuzi wa Chombo na Istilahi Zake

1. Utangulizi
Msamiati wa Kiswahili wa vyombo vya majini ulikulia baharini. Jahazi na mashua zina mkuku, uti unaopita chini ya chombo kutoka omo hadi tezi na kukipunguzia kusukumwa upande na upepo. Kayaki ya maji ya kasi haina mkuku wala usukani. Wahenga walinena kwamba chombo cha kuzama hakina usukani. Hiki hakina usukani tangu kilipoundwa, na bado hutarajiwa kuelea. Usalama wa mpiga kafi hutegemea ustadi wake na umbo la tumbo, yaani sehemu ya chombo inayogusana na maji. Makala haya yanabainisha jinsi umbo hilo linavyoteuliwa kulingana na mto, na yanashikilia kwamba istilahi za pwani, zikipanuliwa kidogo, zinatosha kulieleza suala hili.

2. Sifa za Tumbo
Sifa ya kwanza ni umbo la chini. Tumbo la mviringo hupasua maji na kuvumilia makosa. Tumbo bapa huteleza juu ya maji likipata kasi, na huzunguka kwa wepesi juu ya wimbi.

Ya pili ni pembe ambapo tumbo hukutana na ubavu. Pembe kali hushika mkondo na kukata kona barabara. Hata hivyo, mpiga kafi akiegemea upande mkondo unakotoka, maji huidaka pembe hiyo na kumpindua mara moja. Pembe laini humpa nafasi ya kujirekebisha.

Ya tatu ni mwinuko wa omo na tezi. Mwinuko mkubwa huiwezesha omo kuibuka upesi baada ya kuanguka katika poromoko, lakini hupunguza kasi na unyoofu wa mwendo.

Aidha, ujazo wa chombo sharti ulingane na uzito wa mtu, kwani kayaki moja humbeba mmoja vyema na kumzamisha mwingine nusu.

3. Mito Miwili
Mto Tana karibu na Sagana, nchini Kenya, hubadilika kwa majira. Maji yanapopungua, miamba hujitokeza na njia huwa nyembamba. Hapo hufaa tumbo la mviringo, pembe laini na mwinuko mkubwa. Mvua za masika zikiujaza mto, urefu zaidi na kasi huwa na manufaa.

Mto Nile karibu na Jinja, nchini Uganda, hutoka Ziwa Viktoria ukiwa na maji mengi. Kuyavuka mawimbi yake makubwa hudai chombo chenye ujazo na urefu wa kutosha, ilhali kuchezea wimbi moja hudai kifupi chenye tumbo bapa. Bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, liliyafunika maporomoko ya Bujagali. Lile la Isimba, lililozinduliwa mwaka 2019, likafunika mengine. Kwa hiyo, chombo huteuliwa kwa mto ulivyo leo, si kwa sifa zake za jana.

4. Hitimisho
Mto ndio unaochagua tumbo. Omo, tezi, ubavu na mkuku, hata pale mkuku usipokuwepo, ni maneno yanayomwezesha mkufunzi kumwonya mwanagenzi kwa lugha anayoielewa papo hapo. Majini, onyo lisiloeleweka upesi halina faida. Wanaistilahi wana wajibu wa kuyafikisha maneno haya mtoni.