Somo: Chunusi na Ngozi Yenye Mafuta

Watazame ndugu zako wenye umri wa miaka 13 hadi 18. Huenda baadhi yao wana vipele vidogo usoni, mgongoni au kifuani. Vipele hivyo huitwa chunusi. Wako watu wasemao kwamba chunusi huletwa na kula mawese au karanga. Wengine husema kwamba mwenye chunusi ni mchafu. Je, maneno hayo ni ya kweli? Mwanasayansi hakubali jambo kabla ya kulichunguza. Nasi tulichunguze.

Jaribio

Vifaa: vipande vinne vya karatasi nyembamba, mawese na maji.

1. Dondosha tone la mawese kwenye karatasi ya kwanza na tone la maji kwenye ya pili. Zikikauka, ziinue kuelekea kwenye mwanga. Utaona kwamba doa la maji limetoweka, lakini doa la mafuta limebaki na linapitisha mwanga.

2. Nawa uso na mikono kwa sabuni, kisha ujikaushe. Baada ya muda wa saa tatu, nawa mikono tena na uikaushe vizuri. Bonyeza karatasi ya tatu kwenye pua yako na ya nne kwenye kiganja. Ziinue kuelekea kwenye mwanga. Mwombe kaka au dada yako mkubwa afanye hivyo pia, kisha mlinganishe madoa yenu.

Pua hutoa mafuta, lakini kiganja hakitoi, ingawa damu iletayo chakula hufika sehemu zote mbili. Sababu ni kwamba ngozi ya pua ina tezi za mafuta, na ngozi ya kiganja haina. Hivyo basi, mafuta ya usoni hayatoki moja kwa moja chunguni. Hutengenezwa na tezi zilizo ndani ya ngozi. Kazi yake ni kulainisha ngozi na nywele.

Kazi ya homoni

Homoni ni kemikali zinazosafiri katika damu na kuviamuru viungo vya mwili kufanya kazi. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, na wavulana kati ya miaka 9 na 14. Wakati huo homoni ziitwazo androjeni huongezeka kwa wote, wavulana na wasichana. Androjeni huzifanya tezi za mafuta zikue na kutoa mafuta mengi zaidi.

Mafuta hayo hutoka nje kwa kupitia kitundu cha unywele. Yakichanganyika na chembe za ngozi zilizokufa, kitundu huziba. Bakteria waishio katika ngozi huongezeka humo, na ngozi huvimba. Hiyo ndiyo chunusi. Wakati mwingine kitundu kilichoziba huonyesha kichwa cheusi. Weusi huo si uchafu. Kwa hiyo usimcheke mwenzako mwenye chunusi.

Kazi ya chakula

Mwaka 2002 wanasayansi walitangaza kwamba waliwapima watu 1,200 wa kisiwa cha Kitava, nchini Papua Guinea Mpya. Hawakumwona hata mmoja mwenye chunusi. Watu hao walikula viazi, matunda, nazi na samaki, na vyakula vya viwandani vichache mno. Uchunguzi huo peke yake hauthibitishi kwamba chakula ndicho sababu, lakini unatufikirisha.

Soda, peremende na biskuti huingiza sukari katika damu kwa haraka. Ndipo kongosho hutoa homoni iitwayo insulini. Insulini ikiwa nyingi, yaweza kuzichochea tezi za mafuta. Kwa hiyo, punguza vitu vitamu. Usiache dagaa, migebuka, maharage, mboga na matunda, maana vinaujenga na kuulinda mwili. Mawese mekundu yasiyochujwa rangi huupa mwili vitamini A. Lakini kula mawese na kujipaka usoni ni mambo mawili: mafuta mazito yakipakwa usoni yaweza kuziba vitundu.

Utunzaji wa ngozi

Nawa uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni isiyo kali. Usijisugue kwa mchanga wa ziwani. Usitumbue chunusi, kwani huacha makovu. Jihadhari na krimu za kung'arisha ngozi. Zile zenye steroidi zaweza kuleta chunusi zaidi, na zile zenye zebaki hudhuru figo. Chunusi zikiwa kubwa na zenye maumivu, nenda zahanati pamoja na mzazi wako. Dawa zake zipo.

Maswali

1. Kwa nini karatasi ya kiganja haikupata doa la mafuta?
2. Homoni zipi huzikuza tezi za mafuta?
3. Eleza jinsi chunusi inavyotokea.
4. Rafiki yako ameacha kula migebuka na amenunua krimu sokoni ili aondoe chunusi. Utamshauri nini?