Sogea Kwanza, Lenzi Baadaye

Anayeanza kupiga picha hufika mahali, akasimama palepale alipoteremkia, kisha akavuta lenzi mpaka aridhike. Lakini kipi kionekane kikubwa na kipi kidogo huamuliwa na mahali uliposimama. Lenzi hukata tu kipande cha yale yanayoonekana kutokea hapo.

Chukua Amboseli, upande wa Kenya, tembo wakipita mbele ya Kilimanjaro. Gari likiwa mita 20 kutoka kwa tembo, mnyama anajaza picha, na mlima wa mita 5,895 unakuwa kama kichuguu nyuma yake. Mwombe dereva arudi nyuma hadi mita 100. Tembo sasa anaonekana mdogo mara tano, ila mlima, ulio makumi ya kilomita kutoka hapo, unabaki vilevile machoni. Weka lenzi ya milimita 200 au zaidi, utauona ukitanda nyuma ya kundi zima. Wahi alfajiri, maana jua likipanda mawingu huufunika mara nyingi. Tena usipige umesimama kwenye paa lililofunguliwa. Keti, upigie dirishani: ukiwa chini, mgongo wa tembo unapanda hadi angani; ukiwa juu, anazama kwenye nyasi na vumbi.

Mjini, hatua moja yatosha kubadili picha. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Unguja, ukiielekeza simu juu kuta huonekana kama zinaangukiana. Ishike wima, urudi nyuma ukifuata kichochoro mpaka roshani iingie. Milango ya nakshi wengi huipiga uso kwa uso. Mimi napendelea pembeni kidogo, saa ambayo jua linaupiga mlango kwa ubavu, kila msumari wa shaba ukatoa kivuli chake.

Kwa watu, kimo cha kamera ndicho chenye uzito zaidi. Wazee wanaocheza bao barazani wameketi. Ukiwapiga umesimama utaondoka na picha ya kofia zao, nyuso hazimo. Toa shikamoo, omba ruhusa, kisha chuchumaa mpaka lenzi ilingane na macho yao. Tazama na nyuma yao: ikiwa nguzo ya umeme imetokeza kichwani mwa mtu, sogea kushoto au kulia mpaka itoke. Na mmoja wao akikataa kupigwa, shusha kamera, umshukuru, uende zako.